Kagua Gitaa Kabla ya Kulipa: Somo kwa Vikundi vya Vijana na Kwaya

Katika somo la leo tunajifunza namna ya kununua gitaa jipya la umeme bila kubeba kasoro za mwingine. Pengine mmoja wenu atasema, "Gitaa jipya litakuwaje na kasoro, na linatoka kwenye boksi?" Hapo ndipo wengi hupotea. Gitaa ni mbao, chuma, gundi na nyaya. Mengi ya bei nafuu hutengenezwa Uchina na Indonesia, yakasafiri baharini, yakapanda lori, yakakaa stoo. Mbao huvuta unyevu pwani na kukauka bara, na ikikauka au kulowa hujikunja kidogo. Rangi inayong'aa haiwezi kukuambia shingo imenyooka au imepinda.

Kwa nini gazeti la maendeleo lizungumze habari za gitaa? Kwa sababu mara nyingi gitaa hununuliwa kwa pesa za kikundi. Tuchukue mfano wa vijana 25, kila mmoja ametoa shilingi 1,000. Kuna aliyeuza mayai, kuna aliyebeba mawe ya kujengea, kuna aliyepunguza nauli akatembea kwa miguu. Wanatumaini gitaa litapigwa harusini na kwenye harambee, lirudishe pesa, halafu wanunue kifaa kingine. Gitaa likikataa kulia baada ya wiki tatu, swali la kwanza huwa si "Limeharibika wapi?" bali ni "Mweka hazina alinunua kwa pesa ngapi kweli?" Tumeona vikundi vikivunjika kwa swali kama hilo, na mweka hazina hakuwa amekula hata senti. Kwa hiyo kukagua ni kulinda pesa, na pia ni kulinda jina la mwenzenu.

KABLA YA KWENDA DUKANI

Kwanza, mkae kikao mpige hesabu yote. Gitaa la umeme peke yake halisikiki. Linahitaji amplifaya, waya wa kuunganisha, mkanda wa begani, mfuko na nyuzi za akiba. Kikundi kikimaliza pesa zote kwa gitaa, litakaa ukutani kama picha.

Pili, chagueni watu watatu: mmoja anayejua kupiga, mweka hazina, na mmoja wa kuandika. Asiende mtu peke yake, hata kama ni mwaminifu kama nini.

Tatu, bebeni rula, daftari na simu yenye tochi na programu ya kutuni. Kama mna waya wenu mzuri wa gitaa, bebeni pia, ili ubaya wa waya wa dukani usidhaniwe kuwa ubaya wa gitaa.

Nne, msiende jioni wakati duka linafungwa, wala siku moja kabla ya harusi. Mwenye haraka hununua lolote. Mwambieni muuzaji mapema, kwa heshima: "Ndugu, tunataka kulijaribu kwa nusu saa kabla ya kulipa." Muuzaji anayekataa amekwisha kuwajibu.

HATUA YA KWANZA: MACHO

Litoeni gitaa kwenye boksi, mliangalie mahali penye mwanga. Tafuteni nyufa sehemu mbili hasa: pale kichwa kinapokutana na shingo, na pale shingo inapoingia kwenye mwili. Mkwaruzo wa rangi unaweza kusamehewa bei ikipunguzwa. Ufa wa mbao usisamehewe.

Kisha shikeni gitaa kama seremala anavyoshika ubao kuona kama umenyooka. Jicho moja lifungwe, jingine litazame kutoka kichwani kushuka shingoni. Shingo ikiwa na mbonyeo mdogo kuelekea mbele, si neno. Lakini ikiwa upande mmoja umenyanyuka na mwingine umelala, kama ubao uliopindwa na jua, rudisheni. Shingo iliyosokoteka hivyo ni shida kubwa kuinyosha.

Angalieni pia uzi wa kwanza na wa sita. Kila mmoja uwe mbali sawasawa na ukingo wa shingo. Ikiwa uzi mmoja karibu unadondoka nje, huenda shingo haikukaa sawa au daraja limewekwa vibaya.

HATUA YA PILI: MIKONO

Pitisheni kiganja polepole kwenye kingo za shingo. Vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni huitwa freti. Ncha zake zisikwaruze mkono. Ncha kali mara nyingi ni ishara kwamba mbao imekauka na kusinyaa. Fundi anaweza kuzipiga tupa, lakini hiyo ni gharama, na muuzaji aijue.

Zungusheni vigingi vya kukazia nyuzi, kimoja kimoja. Kila kimoja kizunguke kwa ulaini, kisiwe kigumu mahali pamoja na kulegea mahali pengine.

Sasa pimeni shingo kwa uzi wenyewe. Bonyezeni uzi wa sita kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono mwingine mbonyeze pale shingo inapokutana na mwili. Tazameni nafasi kati ya uzi na freti ya saba. Ikiwa ni kama unene wa kadi nyembamba, shingo ni nzuri. Ikiwa nafasi ni kubwa, shingo imebonyea mbele. Ikiwa hakuna nafasi kabisa na nyuzi zinagusa freti, huenda imebinuka nyuma. Magitaa mengi ya umeme yana chuma ndani ya shingo ambacho fundi hukikaza au kukilegeza kurekebisha jambo hili. Basi, mwambieni muuzaji airekebishe mkiwa hapo, muone kama chuma hicho kinafanya kazi.

Chukueni rula pia. Kutoka daraja dogo la kichwani hadi freti ya 12, na kutoka freti ya 12 hadi daraja kubwa, umbali uwe karibu sawa. Upande wa daraja kubwa huzidi kidogo tu. Ukitofautiana sana, gitaa hilo halitaimba sawa na kinanda chenu.

HATUA YA TATU: MASIKIO, BILA UMEME

Tunini nyuzi kuanzia nene hadi nyembamba: E, A, D, G, B, E. Nyuzi mpya hulegea mara ya kwanza, hiyo si kasoro. Zivuteni kwa ulaini, mtuni tena.

Halafu ifanyeni kazi ambayo wengi huikwepa. Pigeni kila uzi kwenye kila freti. Gitaa lenye freti 22 na nyuzi 6 lina sauti 132 za kukagua. Mkitumia sekunde tatu kwa kila moja, ni dakika saba tu. Dakika saba kwa pesa za watu 25 si nyingi jamani!

Sikilizeni mkwaruzo, ule mlio wa "zzz" kama nyuki ndani ya chupa. Ukisikika mahali pamoja tu, huenda freti inayofuata imesimama juu kuliko wenzake. Ukisikika karibu kila mahali, labda nyuzi zimeshushwa sana au shingo imebinuka, na hayo hurekebishika. Sauti ikifa ghafla mahali pamoja wakati penginepo inadumu, andikeni kwenye daftari.

Kipimo cha mwisho hapa ni freti ya 12. Gusa uzi kwa ulaini juu ya freti hiyo bila kuubonyeza, upige, usikilize mlio ule mwembamba. Sasa bonyeza uzi hapo hapo, upige tena. Sauti hizo mbili ziwe moja, na programu ya simu itawaambia. Ikiwa ya kubonyeza iko juu, kile kipande cha daraja kinachobeba uzi hurudishwa nyuma kwa bisibisi. Ikiwa iko chini, husogezwa mbele. Msikubali kuambiwa, "Kastama, hiyo itajirekebisha yenyewe." Bisibisi haijizungushi.

HATUA YA NNE: UMEME

Chomekeni waya sauti ya amplifaya ikiwa chini, kisha pandisheni polepole. Chini ya nyuzi kuna visumaku viitwavyo pikapu, na hizo ndizo sikio la gitaa. Sogezeni swichi kila nafasi, na kila nafasi ilie. Gongeni kila pikapu kwa ulaini na ncha ya bisibisi ndogo. Ile iliyowashwa itatoa mgongo kwenye spika. Ikinyamaza katika kila nafasi ya swichi, haifanyi kazi.

Zungusheni vitufe vya sauti na vya toni kutoka mwanzo hadi mwisho. Visikwaruze kama redio inayotafuta stesheni. Tikiseni kidogo waya pale unapoingia kwenye gitaa. Sauti ikikatika na kurudi, tundu limelegea.

Mvumo mdogo si ajabu, hasa kwa pikapu nyembamba za koili moja. Mara nyingi hupungua mkigusa nyuzi. Ukizidi mkigusa nyuzi, mwambieni fundi aangalie nyaya.

Hapa tunaomba msikilize vizuri. Mkisikia hata mtetemo mdogo wa umeme kwenye vidole, zimeni, chomoeni, na msiendelee. Mwaka 1972, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Uskoti, alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni isiyokuwa na waya wa ardhi huku ameshika nyuzi za gitaa. Gitaa lenyewe halibebi umeme wa ukutani. Hatari hutoka kwenye amplifaya au vyombo vingine visivyofungwa vizuri. Kwa hiyo plagi iwe na meno matatu, na lile la ardhi lisikatwe. Someni pia maandishi nyuma ya amplifaya. Umeme wetu Kenya ni volti 240. Amplifaya ya volti 120 iliyotoka Marekani ikichomekwa moja kwa moja ukutani itaungua.

KASORO IPI MKATAE, IPI MREKEBISHIWE

Andikeni safu mbili kwenye daftari. Safu ya kukataa: shingo iliyosokoteka, ufa wa mbao, daraja lililowekwa mahali pasipo pake, chuma cha shingoni kisichozunguka, na mshtuko wa umeme. Kwa haya ombeni gitaa jingine, na mlikague upya tangu mwanzo. Safu ya kurekebishiwa: nyuzi za juu au za chini mno, sauti ya freti ya 12, ncha za freti, tundu lililolegea, kitufe kinachokwaruza. Hayo yafanywe kabla pesa hazijatoka mfukoni au kwenye simu. Kasoro iliyoonekana dukani ni kazi ya muuzaji. Ikionekana nyumbani, inakuwa mzigo wa kikundi.

HATUA YA TANO: KARATASI NA SHERIA

Risiti iandikwe jina la duka, aina ya gitaa, namba yake kama ipo, bei na tarehe. Kama kuna dhamana, muda wake uandikwe. Neno la mdomo hupeperuka.

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora wa kuridhisha, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Lakini jueni na upande wa pili. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa sokoni, halafu inaongeza kwamba mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kutegemea sharti hilo kwa kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kumwonyesha. Maana yake kwa lugha ya nyumbani: ukitazama, tazama vizuri. Kulishika gitaa dakika moja, kutabasamu na kulipa kunaweza kukudhuru baadaye.

Mkifika nyumbani, wale watatu wasome daftari mbele ya wanakikundi wote: tulikagua nini, tuliona nini, tulilipa ngapi. Wahenga wa biashara walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Likitokea tatizo baadaye, mtalijadili gitaa, hamtamjadili mwenzenu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni nani hukagua vitu kabla ya kununuliwa? Je, huenda peke yake?
2. Tukipata kasoro dukani na muuzaji akatuharakisha, tutamjibu nini?
3. Hatua hizi tano tunaweza kuzitumia vipi tukinunua cherehani, pampu ya maji au spika?
4. Vyombo tulivyo navyo sasa, plagi zake zina meno mangapi? Nani atazikagua, na lini?