Somo la Afya: Sukari na Moyo

Wengi hudhani ya kuwa sukari humdhuru mgonjwa wa kisukari tu, na ya kwamba mwenye presha yampasa kujihadhari na chumvi peke yake. Sivyo. Sukari ikizidi huudhuru moyo pia, hata wa mtu asiye na kisukari. Basi na tulichungue jambo hili.

Kwanza, tufahamu kazi ya moyo. Moyo husukuma damu mchana na usiku pasipo kupumzika. Mishipa ikiwa laini na mipana, kazi yake ni nyepesi. Ikiwa migumu na myembamba, hulazimika kusukuma kwa nguvu nyingi. Msukumo huo ndio upimwao kwa kile kitambaa kifungwacho mkononi. Mtu mzima akipimwa siku mbalimbali na kuonekana 140 kwa 90 au zaidi, huhesabiwa kuwa na presha ya kupanda. Mara nyingi ugonjwa huu hauna maumivu; kwa hiyo wengine huutambua siku wanapopooza.

Pili, sukari huingiaje katika habari hii? Ikizidi mahitaji ya mwili, ini hugeuza sehemu yake kuwa mafuta. Mengine hukaa tumboni, mengine huingia katika damu, na kwa miaka mingi husaidia kuziba mishipa. Tena figo za mtu aliyenenepa hushika chumvi na maji ambayo yangalipasa kutoka, na msukumo hupanda. Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za watu wazima waliofuatiwa kwa miaka 15 hivi. Wale ambao sehemu 17 hadi 21 katika mia ya nguvu ya chakula chao ilitoka katika sukari iliyoongezwa, hatari yao ya kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ilizidi kwa 38 katika mia ile ya waliokula sehemu 8 hivi.

Tatu, tuhesabu. Kijiko cha chai huchukua gramu 4 hivi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari isifikie sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima, au vijiko 12. Na nusu yake ni bora zaidi. Asali na maji ya matunda yamo katika hesabu hii. Tunda zima halimo. Sasa, anywaye vikombe 3 vya chai, kila kimoja vijiko 3, amekwisha kula vijiko 9. Akiongeza chupa ya soda yenye gramu 30, amepita vijiko 16, wala hajagusa andazi. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi tufanye nini? Tupunguze nusu kijiko kila juma, ulimi utazoea. Kiu tuikate kwa maji. Mgeni tumwekee sukari mezani ajitilie mwenyewe. Tupimwe presha hata tukiwa wazima. Lakini atumiaye dawa asiziache kwa kuwa amepunguza sukari; amwulize daktari kwanza.

Maswali ya kufundishia:
1. Kwa nini mwenye presha hukawia kuutambua ugonjwa wake?
2. Sukari iliyozidi hugeuka kuwa nini mwilini?
3. Nyumbani mwako, kila mtu hula vijiko vingapi kwa siku?