SOMO LA AFYA: KWA NINI TUNALIPIA KIPIMO CHA PILI

Katika kupitia bajeti ya upimaji wa afya Jangwani, kamati za parokia na wafadhili wametuuliza swali la haki: kwa nini mtu mmoja apimwe sukari mara mbili, na foleni ni ndefu?

Tuchukue mfano wa mama muuza mboga Kariakoo. Asubuhi, kabla ya kula, damu yake maabara inasoma 7.2. Shirika la Afya Duniani linahesabu kisukari kuanzia 7.0 kwa mtu ambaye hajala kwa saa 8 au zaidi. Je, mama huyu ni mgonjwa? Bado hatujui. Wiki ijayo anaweza kusoma 6.7 bila dawa yoyote.

Hakuna aliyekosea. Usingizi, wasiwasi, homa na kazi nzito hupandisha na kushusha sukari. Hata kwa mtu mwenye afya, sukari ya asubuhi hubadilika kwa takriban asilimia 5 siku hadi siku. Maabara nayo ina tofauti yake, tuseme asilimia 3. Kwa hesabu ya wataalamu, majibu mawili ya mtu yuleyule yapishane kwa takriban asilimia 16 ndipo tuseme kwa uhakika kwamba hali imebadilika. Kutoka 7.2 hadi 6.7 ni asilimia 7 tu.

Mashine ya kidoleni huongeza tofauti: kanuni ya kimataifa ya mwaka 2013 inairuhusu kupishana na maabara hadi asilimia 15 kwa viwango kama hivi.

Tukiisahau elimu hii, watu huumia. Mmoja hula mtaji wa genge lake kwa kutibu ugonjwa asio nao. Mwingine, mgonjwa kweli, huona namba imeshuka kidogo akaacha vidonge.

Kwa hiyo tunaziomba kamati:

1. Mtu apimwe saa zilezile, kabla ya kula, na ikiwezekana kwa mashine ileile.

2. Majibu yote yaandikwe kwenye kadi yake, si ya mwisho tu.

3. Damu ifikishwe maabara mapema. Ikikaa kwenye chupa ya kawaida, chembe zake hula sukari, nayo hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mafuriko yakifunga barabara ya Jangwani, ni heri kuchukua damu upya siku nyingine.

4. Asiwepo wa kuanza au kuacha dawa bila kumwona daktari.

Lakini mwenye kiu kali, anayekojoa mara kwa mara na kukonda, asisubiri wiki ijayo. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wafadhili wetu: kipimo cha pili si anasa. Ndicho kinachotuwezesha kumwambia mama yule ukweli, na arudi sokoni akijua hali yake.