Mkeka Umechanika Tena: Ni Gundu au Ni Hesabu?

Somo la toleo hili linahusu jambo linalozungumzwa kila kijiwe cha Mwanza, kuanzia mwalo wa Kirumba hadi stendi ya Nyegezi. Jambo hilo ni kuliwa. Jumamosi uliweka mkeka, ukachanika. Jumapili tena, ukachanika. Jumatano ukajaribu kandege kwenye simu, nako kakapaa kakakuacha. Washikaji wanasema una gundu. Wewe moyoni unajipa matumaini: "Nimeliwa vya kutosha, sasa ni zamu yangu."

Hapo hapo simama kidogo. Wazo hilo la "sasa ni zamu yangu" ndilo linalomfanya mtu atoe hata hela ya kodi. Hebu tulichunguze pamoja.

BAHATI HAINA DAFTARI

Muuza duka wa mtaani kwenu ana daftari la madeni. Anajua nani anadaiwa na nani amelipa. Bahati haina daftari. Ukirusha sarafu mara tano na zote zikaangukia upande wa kichwa, mara ya sita nafasi ya kichwa inabaki nusu kwa nusu. Sarafu haikumbuki ilikoangukia mara iliyopita, wala haikuonei huruma.

Watu wamelijifunza hili kwa machungu siku nyingi. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo huko Ulaya, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kila ulipoangukia nyeusi, watu walizidi kuweka hela kwenye nyekundu, wakiamini kwamba "lazima sasa itoke". Walipoteza mali nyingi usiku ule. Gurudumu halikuwa na deni lolote kwao.

MVUVI NA MCHEZA KAMARI

Utasema: "Mbona hata mvuvi anabahatisha?" Swali zuri. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria naye hurudi mtumbwi mtupu siku nyingine. Lakini kukosa kwake kuna sababu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana, taa haiwavuti kama wakati wa giza. Mvuvi mzoefu analijua hilo. Siku za mbalamwezi hutulia, hushona nyavu, hurekebisha mtumbwi, akasubiri giza lirudi. Hatumii mafuta mara mbili ati kwa sababu jana alikosa.

Kwa mvuvi, siku mbaya humfundisha kitu. Kwenye kandege au mashine ya kuzungusha, kuliwa mara kumi hakukufundishi chochote kuhusu mara ya kumi na moja. Wale wanaokuuzia "signali" kwenye makundi ya simu, wakidai wanajua kandege kataondoka saa ngapi, wanakuuzia hewa. Jiulize tu: kama wanajua, kwa nini wahangaike na buku mbili zako?

JE, UJUZI HAUSAIDII?

Tuseme ukweli: ipo michezo ambayo ujuzi una nafasi. Poka ya karata, ambayo siku hizi inachezwa hata kwenye simu, ni mmojawapo. Kule unacheza dhidi ya wachezaji wenzako, na anayejua kupima nafasi na kutupa karata mbaya mapema humzidi asiyejua. Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, mwenye meza hukata fungu lake, kwa hiyo wachezaji kwa ujumla wao hutoka na hela pungufu kuliko waliyoingia nayo. Pili, hata bingwa huliwa. Mtu akishika A mbili, karata bora kabisa za kuanzia, dhidi ya mwenye K mbili, bado atashindwa karibu mara moja katika kila mara tano. Kwa hiyo hata anayecheza vizuri anaweza kuliwa wiki nyingi mfululizo, na asiyejua kitu anaweza kushinda leo akajiona mtaalamu.

Na mpira je? Wewe unaijua Simba, unaijua Yanga, na Pamba Jiji unaifuata tangu ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2024. Sawa. Lakini kampuni nayo inazijua, na ujuzi huo imeshautia ndani ya odi, yaani ile namba ya malipo. Chukua mechi ya "magoli zaidi au pungufu" yenye odi 1.90 kila upande. Weka shilingi 1,000 huku na 1,000 kule. Umetoa 2,000. Upande mmoja utashinda, utalipwa 1,900. Shilingi 100 imekwenda wapi? Hiyo ndiyo faida ya kampuni, na huikata kila mechi. Ukiunganisha mechi kumi za namna hiyo kwenye mkeka mmoja, makato hujirundika. Kwa wastani unakuwa umeiachia kampuni karibu shilingi 40 katika kila 100.

"TIMU MOJA TU IMENIANGUSHA!"

Sentensi hii umeisikia mara ngapi? Tufanye hesabu. Tuseme umechagua timu kumi nzuri, na kila moja ina nafasi ya kushinda mara 6 katika mara 10. Katika mikeka 1,000 ya namna hiyo, ile inayotimia yote ni kama 6. Mikeka inayoangushwa na timu moja tu ni kama 40.

Umeona? Kwa kila mkeka unaokubali, karibu mikeka saba itakukosa kwa timu moja. Mtu anadhani yuko karibu kufika, kumbe mkeka wa namna hiyo kawaida yake ni kukosa kidogo. Kukosa kidogo ni kukosa tu. Hakuna anayekulipa nusu ya mkeka.

KUDABO ILI KURUDISHA

Kuna mbinu inaitwa kudabo. Umeliwa 500, unaweka 1,000. Umeliwa, unaweka 2,000. Ukishinda mara moja tu, unarudisha zote na faida ya 500. Inaonekana tamu, au siyo?

Sasa tuhesabu. Ukiliwa mara saba mfululizo kuanzia 500, zimekwenda 63,500, na mara ya nane unatakiwa uweke 64,000. Yote hayo kutafuta faida ya 500! Na usiseme mara saba haitokei. Katika mchezo wa nusu kwa nusu, ukicheza raundi 200, nafasi ya kukutana na kuliwa mara saba mfululizo ni zaidi ya nusu. Mtu wa kandege anazimaliza raundi hizo ndani ya saa chache.

Fikiria kijana wa bodaboda pale Buzuruga. Mfukoni ana hesabu ya bosi, siyo hela yake. Akianza kudabo, mara ya nne au ya tano hesabu imekwisha. Kesho anakopa kwenye simu. Keshokutwa anaingia mikopo ya kausha damu. Wiki ya tatu pikipiki imechukuliwa. Hakulogwa na wala hana gundu. Alikuwa akifukuza hela iliyokwisha kwenda.

INAPOGEUKA UGONJWA

Ndugu msomaji, kushindwa kuacha kamari si uhuni wala ukosefu wa dini peke yake. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Dalili zake kuu ni tatu: mtu hawezi tena kujizuia, kamari inatangulia mbele ya mambo mengine yote, na anaendelea kucheza ingawa anaona madhara.

Jipime. Jibu ndiyo au hapana, bila kujidanganya:

1. Je, umewahi kucheza ili kurudisha ulichopoteza jana?
2. Je, umewahi kutumia hela ya ada, kodi, mtaji au hesabu ya mtu?
3. Je, unaficha simu au unadanganya nyumbani kuhusu hela?
4. Je, umejaribu kuacha ukashindwa?
5. Je, unakosa usingizi au unakuwa mkali usipocheza?
6. Je, umekopa ili ucheze?

Hata ndiyo moja ni kengele. Kama ni mbili au zaidi, usisubiri.

UFANYEJE BASI?

Kwanza, mwambie mtu mmoja unayemwamini: kaka, dada, shangazi, mwalimu. Siri ndiyo mbolea ya tatizo hili. Pili, weka kikwazo kati yako na hela. Mpe mama au mchumba akutunzie akiba, au iweke kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Waandikie kampuni waifunge akaunti yako, kisha futa programu kwenye simu. Tatu, ukisikia hamu, ondoka kijiweni. Tembea, oga, cheza mpira. Hamu hupanda kama wimbi la ziwa, kisha hushuka. Nne, deni lisikutie kiwewe. Liandike kwenye karatasi, nenda kwa unayemdai na anayekudai, pangeni kidogo kidogo. Usilicheze.

Ukiona huwezi peke yako, au ukianza kufikiria kujidhuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hapa Mwanza, Hospitali ya Bugando ina idara ya afya ya akili. Hutakuwa wa kwanza kuwaeleza jambo hili. Wewe uliye chini ya miaka 18, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haina malipo. Na ujue pia kwamba sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Anayekupokelea hela yako anavunja sheria.

ZOEZI LA WIKI

Chukua sarafu na daftari. Rusha mara 100, andika kila jibu: K kwa kichwa, N kwa upande wa pili. Kisha tafuta mfululizo mrefu kuliko yote. Karibu kila atakayejaribu ataona upande mmoja ukijirudia mara tano au zaidi.

Waonyeshe washikaji daftari hilo kijiweni. Waulize sarafu ilikuwa na gundu na nani. Kisha waulize, kila raundi ingekuwa ni buku ya hesabu ya bosi, wangeacha ikifika ya ngapi?