Maumivu ya kansa: bangi au mofini?

Katika nyumba za Fizi na Baraka, mgonjwa wa kansa anapokesha akilia, jirani hushauri bangi kwa nia njema kabisa: wazee waliitumia, na nchi nyingine zimeilegezea sheria. Ni kweli. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa katika orodha ya dawa zenye makatazo makali kuliko zote, na mwaka 2021 Rwanda iliruhusu ilimwe kama dawa ya kuuzwa nje. Lakini dawa hiyo ni matone, vidonge au dawa ya kupulizia iliyopimwa, wala si majani ya kuvuta ambayo hakuna ajuaye nguvu yake. Na hapa Kongo sheria bado inaikataza, kwa hiyo anayemuuguza mama yake anaweza kujikuta mahabusu. Isitoshe, faida yake iliyothibitika zaidi ni kupunguza kichefuchefu cha dawa za kansa. Kwa maumivu, majaribio makubwa yaliyotangazwa 2017 na 2018 yaliwaongezea wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa za jamii ya mofini dawa ya bangi ya kupulizia mdomoni. Nafuu yao haikuizidi kwa wazi ile ya waliopuliziwa dawa bandia.

Dawa ya kuulizia kwanza maumivu yanapokuwa makali ni mofini, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1977. Wengi huiogopa wakisema huua, au humfanya mtu mtumwa wake. Hofu hiyo inaeleweka, ila inawatesa wagonjwa bure: kipimo kikianza kidogo na kupandishwa taratibu, mofini hutuliza bila kuharakisha kifo, na mwili kuizoea si sawa na uraibu. Uganda imeitoa tangu 1993 ikiwa unga uliokorogwa kwa maji, mgonjwa akainywa nyumbani. Tangu 2004 hata wauguzi waliosomea kazi hiyo huiandika, jambo linalofaa sana penye madaktari wachache kama kwetu.

Mofini hiyo ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Kichefuchefu huisha baada ya siku chache, lakini choo kigumu hakiishi chenyewe, basi dawa ya kulainisha choo iombwe siku ileile ya kwanza. Mgonjwa akisinzia hata haamshiki, au akipumua polepole mno, msimpe kipimo kinachofuata; mwiteni muuguzi upesi, na kama alikwisha kuvuta bangi, mwambieni bila aibu.