Huduma ya Mtandao Ikatapo Kuanza

Katika kompyuta ya nyumbani itumiayo mfumo wa Windows, kazi ya kutafuta mitandao isiyo na waya hufanywa na programu isiyoonekana, iitwayo huduma. Jina lake ni WLAN AutoConfig. Isipoanza, orodha ya mitandao hutoweka, na mtumiaji aijaribupo huenda akajibiwa kwa kosa namba 1068. Wengi hapo humkimbilia fundi, naye akaufuta mfumo wote, picha na nyaraka zikapotea bure.

Namba 1068 haisemi kwamba huduma hiyo imeharibika. Husema kwamba kitu kingine, ambacho huduma hiyo inakitegemea, kimeshindwa kuanza. Bomba la jikoni likikauka, mwenye busara hutazama tangi kabla ya kuling'oa bomba.

Amri sc qc wlansvc, ikiandikwa katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, huorodhesha vitegemewa vyote. Miongoni mwavyo ni Ndisuio, ambacho hakimo katika orodha ya kawaida ya huduma. Ndiyo maana aghalabu husahauliwa. Amri sc query ndisuio huonyesha hali yake: 4 ni kutenda kazi, 1 ni kusimama. Kikiwa kimezimwa kabisa, huruhusiwa tena kwa sc config ndisuio start= demand. Nafasi baada ya alama ya sawasawa isiachwe, yaani isikosekane. Bila hiyo amri huenda ikakataliwa. Kisha net start wlansvc.