Pombe ya Usiku, Ajali ya Asubuhi

Krismasi na Mwaka Mpya zinapokaribia, wengi hurejea Bariadi, Maswa na Meatu kusherehekea na jamaa zao. Dereva wa bodaboda aliyekunywa usiku huamini kwamba usingizi na kahawa vimemwondolea ulevi. Sivyo.

Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za alkoholi. Ini huondoa gramu 7 hadi 10 tu kwa saa. Kahawa, supu na maji baridi haviharakishi kazi hiyo. Anayemaliza chupa ya sita saa 6 usiku bado ana kilevi mwilini saa 12 asubuhi. Gongo ni hatari zaidi, kwa kuwa nguvu yake haijulikani.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 iliweka ukomo wa miligramu 80 katika mililita 100 za damu, lakini umakini hupungua kabla ya kiwango hicho.

Mhudumu wa afya, majeruhi anayenuka pombe asiachwe alale hadi ulevi umtoke. Chunguza kwanza kama ameumia kichwa. Nawe msomaji, kabidhi ufunguo kabla ya glasi ya kwanza, wala usipakiwe na dereva aliyekunywa.