Kabla ya Kumtumia Mchambuzi wa Data Pesa

Umemaliza kazi ya nyanjani. Hojaji 385 zimejazwa, nyingine Kisii na nyingine Nyamira. SPSS ulifundishwa muhula mmoja tu na mengi umesahau. Rafiki anakupa namba: "Huyu ni mtu wa data, atakufanyia sura ya nne wikendi hii. Mtumie tu pesa." Shika simu, lakini usibonyeze bado.

Pesa uliyotuma kwa hiari yako, kwa namba sahihi, si sawa na pesa iliyopotea njia. Huduma ya kurudisha muamala ni ya aliyekosea namba. Wewe jina uliliona kwenye skrini, ukalithibitisha, pesa ikaenda. Akikuletea kazi mbovu, hilo ni suala kati yenu wawili. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, ila tarehe yako ya kutetea tasnifu haitangoja kesi iishe.

Kwa hivyo lipa kwa awamu, na kila awamu ifungwe na kitu unachoweza kukikagua mwenyewe. Tuseme mmekubaliana 12,000. Tuma 3,000 akianza. Tuma 5,000 akikuletea data iliyosafishwa pamoja na majedwali ya idadi. Hizo 4,000 zilizobaki zingoje majaribio yote, faili la amri alizotumia kwenye programu, na saa moja ya kukueleza kila jedwali. Saa hiyo usiiache. Jopo likikuuliza kwa nini ulitumia jaribio la kai-skwea, yeye hatakuwa chumbani. Na muulize msimamizi wako mapema chuo kinaruhusu msaada wa kiasi gani: kusaidiwa na takwimu ni jambo moja, kuandikiwa sura nzima ni jambo jingine kabisa.

Utamjuaje mchambuzi mzuri kabla hujatoa hata shilingi? Sikiliza maswali yake. Mtu anayekutajia bei kabla ya kuuliza malengo ya utafiti wako anauza majedwali tu. Na huku kwetu kuna mtego mmoja mtamu sana wa kumpima. Mhojiwa akiandika "Masaba", ni Nyaribari Masaba ya Kisii au Kitutu Masaba ya Nyamira? "Borabu" je? Kuna Borabu ya Nyamira, na kuna Bomachoge Borabu ya Kisii. Mugirango Kusini iko Kisii, lakini Mugirango Magharibi na Kaskazini ziko Nyamira. Halafu kuna Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti zote mbili. Kama utafiti wako unalinganisha wakulima wa ndizi wa Kisii na wa Nyamira, mtu anayebahatisha majina haya atahamisha watu kutoka kaunti moja hadi nyingine, na hakuna programu itakayopiga kelele. Anayekupigia simu kuuliza, "Huyu wa Keroka nimweke wapi?" huyo mshike.

Kabla ya awamu ya pili kuna ukaguzi usiohitaji digrii. Ulikusanya hojaji 385. Jedwali linasema 371. Wale 14 wameenda wapi? Huenda waliacha maswali wazi, na hiyo ni sababu halali, lakini ni lazima akuambie. Kisha chagua swali moja, kwa mfano jinsia, uhesabu mwenyewe kwenye Excel au hata kwa kalamu. Ukipata wanawake 212 na yeye ana 221, malipo yasimame hadi ijulikane nani amekosea.

Mwingine atakuahidi kwamba matokeo yote "yatatoka vizuri", kila p iwe chini ya 0.05. Mkimbie. Hawezi kujua hilo kabla ya kuchambua, labda awe na mpango wa kubadilisha majibu ya watu. Sisi tuliosomea masoko tunajua jinsi mteja anavyopenda namba nzuri, lakini kukosa uhusiano kati ya mambo mawili pia ni jibu, nawe utalitetea bila jasho.

Data yenyewe usiitume ikiwa uchi. Futa safuwima za majina, namba za simu na za vitambulisho, halafu mpe kila mhojiwa kodi kama K001 au N001. Mchambuzi hahitaji kujua mama yupi wa Nyansiongo ana deni la chama. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 wajibu ni wako uliyekusanya, na ukimpa mtu data ya kibinafsi akuchakatie, sheria inataka muwe na mkataba wa maandishi.

Tukirudi kwenye simu: ujumbe wa muamala unaonyesha pesa ilitoka, hauonyeshi ililipia nini. Kabla ya kila awamu mwandikie: "Natuma 5,000 ya data iliyosafishwa na majedwali ya idadi, imebaki 4,000." Subiri ajibu "sawa", ndipo utume, na uhifadhi jumbe zote mbili. Jina likitokea tofauti na la mliyekubaliana naye, sitisha umpigie kwanza. Na kwa kuwa awamu ni tatu, ada ni mara tatu pia. Elewaneni mapema kama ya kutoa utamwekea wewe au imo ndani ya zile 12,000.